Utepe, mizani au ubao: kipi kinafaa kupimia lishe ya watoto kijijini?

Vikundi vya akina mama, makanisa, shule za chekechea na wahudumu wa afya wa vijiji, hao tunaowaita VHT, huku Kyegegwa na Kamwenge, magharibi mwa Uganda, huuliza jambo lile lile wakipata fedha kidogo: tununue kifaa gani ili tujue kama watoto wetu wanakua vizuri? Wengi hutaja mizani papo hapo, kwa kuwa ndiyo waliyoizoea kliniki. Mimi huwarudishia swali: siku mkimkuta mtoto ana tatizo, mtampeleka wapi na mtamfanyia nini? Jibu la hapo ndilo linalochagua kifaa. Bei inakuja baadaye.

Vinavyoshindana ni vitatu: utepe wa rangi wa kuzungusha mkononi, ambao kliniki kila mtu anauita MUAC, mizani, na ubao wa kupimia urefu. Cha nne hakiuzwi popote, ni vidole gumba vya mpimaji mwenyewe. Nitakitaja kwa sababu watu hukisahau, na kukisahau kumeua watoto.

Havipimi kitu kimoja

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani utepe ni mizani ya maskini na ubao ni mizani ya tajiri. Sivyo. Utapiamlo una sura zaidi ya moja, na kila kifaa kinaona sura yake.

Ukondefu ni mtoto kuisha mwili kwa muda mfupi. Ameharisha majuma mawili, au surua imempitia, au chakula kimekatika nyumbani. Huyu anaweza kufa mwezi huu huu. Udumavu ni mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake kwa sababu ya lishe duni na maradhi ya kurudiarudia, mambo yanayoanza tangu tumboni mwa mama na kuendelea hadi miaka miwili ya mwanzo. Huyu hafi leo. Anakimbia, anacheka, anaomba ugali, na majirani wanasema amefuata upande wa babu yake. Hasara yake inaonekana baadaye, darasani na kazini, na kama ni msichana, hata siku ya kujifungua. Uzito pungufu nao ni mchanganyiko: mtoto ni mwepesi kuliko umri wake, ama kwa kuwa amekonda, ama kwa kuwa ni mfupi, ama vyote viwili, na mizani peke yake haiwezi kukuambia ni lipi.

Sasa tazama hesabu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2016 ulikuta kwamba kati ya kila watoto 100 wa Uganda walio chini ya miaka mitano, 29 walikuwa wamedumaa na wanne tu walikuwa wamekonda. Huku kwetu Tooro, eneo lenye Kyegegwa na Kamwenge, waliodumaa walikaribia 41, zaidi hata ya Karamoja, eneo kame la kaskazini mashariki, iliyokuwa na 35, wakati Teso, mashariki, walikuwa 14. Karamoja kwa upande wake ukondefu ulifika 10. Yaani eneo la matoke, maharage, maziwa na misimu miwili ya mvua ndilo lililoongoza kwa watoto wafupi! Ukipita na utepe kijiji kizima hapa kwetu utarudi na kijani karibu kila nyumba, kisha uandike kwenye ripoti kwamba lishe ni nzuri. Kuhusu ukondefu utakuwa umesema kweli. Kuhusu udumavu hujasema lolote.

Ukisoma hapo unaweza kukimbilia kuagiza ubao. Subiri kidogo, maana hoja ina upande wa pili. Kwanza tazama vifaa vikiwa pamoja:

| | Utepe | Mizani | Ubao (pamoja na mizani) |
|---|---|---|---|
| Kinaona nini | Ukondefu | Uzito pungufu, na mwendo wa mtoto mwezi hadi mwezi | Udumavu, na ukondefu kwa kulinganisha uzito na urefu |
| Umri kamili unahitajika? | Hapana, mradi awe na miezi 6 hadi 59 | Ndiyo | Kwa udumavu ndiyo, kwa ukondefu hapana |
| Wapimaji | Mmoja, hata mama mwenyewe | Mmoja, akisaidiwa na mama | Wawili waliofundishwa |
| Hali kali | Chini ya sm 11.5 | Chini ya -3 kwa umri | Chini ya -3 |
| Kubeba | Mfukoni | Begani au kwa bodaboda | Bodaboda na kamba |

Hiyo -3 ni Z-skoa, yaani umbali wa mtoto kutoka katikati ya watoto wenye afya. Sufuri ni katikati. Chini ya -2 tunasema ana tatizo, chini ya -3 tatizo ni kali. Katikati yenyewe imetoka kwenye viwango vya ukuaji ambavyo Shirika la Afya Duniani, WHO, lilivitoa mwaka 2006 baada ya kufuatilia watoto walionyonyeshwa na kutunzwa vizuri katika nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Watoto wadogo wa nchi hizo, wakilishwa vizuri, walirefuka karibu sawa. Kwa hiyo ile kauli ya majirani, kwamba amefuata upande wa babu yake, inaweza kuwa kweli kwa mtoto mmoja, lakini haiwezi kueleza watoto 41 kati ya 100.

Utepe

Kama nina kifaa kimoja tu cha kumpa mtu asiye mtaalamu wa afya, nampa utepe bila kusita.

Unazungushwa mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko. Mkono hukunjwa wakati wa kutafuta katikati tu. Ukishatia alama, unauacha uning'inie wenyewe. Chini ya sm 11.5 ni nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali. Kuanzia 11.5 hadi kabla ya 12.5 ni njano. Kuanzia 12.5 kwenda juu ni kijani. Kati ya miezi 6 na miaka mitano mkono wa mtoto mwenye afya hunenepa kidogo sana, ndiyo maana mipaka hiyo hiyo inawatosha wote. Hakuna jedwali, hakuna betri, hakuna kubishana kuhusu mwezi wa kuzaliwa. Na mkono mwembamba ni miongoni mwa dalili za mwili zinazotabiri kifo cha mtoto vizuri kabisa, kwa hiyo utepe hauna budi kuheshimiwa hata kama unaonekana kama kitu cha kuchezea.

Niger, shirika la ALIMA liliwakabidhi akina mama wenyewe utepe na kuwafundisha. Walipima vizuri kama wahudumu wa afya walivyopima, na watoto waliletwa mapema kabla hali haijawa mbaya, wachache zaidi wakihitaji kulazwa. Mama anamshika mtoto huyo kila siku, akimwogesha na kumvisha. Mhudumu wa kijiji anampitia mara chache kwa mwaka. Nani atangulie kuona mkono unasinyaa?

Tazama unavyovutwa, kwa sababu hapa ndipo utepe unapoharibikiwa. Ngozi ikijikunja pembeni ya utepe, umekaza mno. Ukiona nafasi kati ya utepe na ngozi, umelegeza. Uguse ngozi pande zote bila kuibana, kisha usome namba kwenye kidirisha. Milimita mbili tu zinamhamisha mtoto kutoka nyekundu hadi njano, na hapo anaweza kukosa zile pakiti za chakula tiba cha karanga, ambazo kila moja ni gramu 92 na kalori 500. Usipime juu ya sweta, hata kama asubuhi ina baridi na mama anasita kumvua. Utepe uliokunjwa mfukoni miezi mingi na kulowa mvua uulinganishe na rula. Ukikataa kukubaliana na rula, utupe. Na tepu ya fundi cherehani muachieni fundi, kwani hurefuka kadiri inavyotumika.

Kupima mkono hakujaanza na mashirika ya leo. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa magonjwa ya watoto Makerere, alikuwa miongoni mwa waliousukuma mbele upimaji huo ulimwenguni katika miaka ya 1960. Wakati wa vita vya Biafra kule Nigeria, wafanyakazi wa msaada wa Quaker, dhehebu la Kikristo, walitumia fimbo iliyowekwa alama: unapima mkono, unamsimamisha mtoto kando ya fimbo, unaona kama mkono unalingana na kimo. Leo tumeitupa fimbo, tumebaki na utepe.

Udhaifu wake ni huo niliokwisha kuutaja: udumavu hauoni kabisa. Pia rangi zake si za watoto walio chini ya miezi 6. Mwongozo wa WHO wa 2023 umeweka mpaka wa sm 11.0 kwa watoto wa wiki 6 hadi miezi 6, lakini hilo ni jambo la kituo cha afya. Kijijini, mtoto mchanga asiyenyonya vizuri au asiyeongezeka apelekwe tu, bila kusubiri rangi.

Vidole gumba

Mshike mtoto miguu yote miwili, vidole gumba kwenye mgongo wa kila mguu, upande wa juu wa wayo. Bonyeza, hesabu polepole mia na moja, mia na mbili, mia na tatu, kisha achia. Vikibaki vishimo miguu yote miwili, huo ni uvimbe wa maji, na mtoto ana utapiamlo mkali hata kama utepe umesema kijani na mizani imesema kilo nzuri. Shimo likiwa mguu mmoja tu, tafuta jeraha au jipu.

Mizani hapa hudanganya vibaya, kwa kuwa maji yana uzito. Mtoto wa kwashiakoo anaweza kuongezeka kilo akiwa anaelekea kaburini, na kwenye kadi mstari wake ukapanda vizuri kabisa. Hospitali ya Mulago, Kampala, walishughulika na ugonjwa huu miaka mingi, hadi ikaanzishwa pale Mwanamugimu, wodi ya lishe inayojulikana nchi nzima. Bado nakuta fomu za upimaji zenye nafasi ya utepe, uzito na urefu, na safu ya uvimbe imeachwa tupu kuanzia juu hadi chini. Kazi yenyewe haifiki nusu dakika.

Mizani

Kuna ile ya kuning'iniza, Salter ya kilo 25, inayofungwa kwenye tawi la mwembe na mtoto akavishwa suruali yake ya kupimia. Kuna ya kielektroniki ambayo mama anasimama juu yake, inarudishwa sufuri, kisha anapewa mtoto na uzito wa mtoto unatokea peke yake. Ya kielektroniki haimtishi mtoto, kwa kuwa yuko mikononi mwa mama, lakini inataka sakafu ngumu iliyo sawa. Kwenye udongo wa nyumba zetu weka ubao mpana chini kwanza. Ya kuning'iniza haihitaji betri, ila springi yake huchoka. Zote mbili zijaribiwe asubuhi kabla ya kazi: chukua jerikeni, ipime tupu, tia lita 5 za maji, ipime tena. Tofauti isipokuwa kilo 5, mizani hiyo haiko sawa.

Watu wanaipenda mizani kwa sababu inatoa namba ambayo kila mama anaielewa. Tatizo liko kwenye namba yenyewe. Mtoto wa kiume mwenye mwaka mmoja yuko katikati akiwa na kilo 9.6, na akifika miaka miwili ni kilo 12.2. Hiyo ni kama gramu 200 kwa mwezi. Salter ina alama za gramu 100, yaani ukuaji wa mwezi mzima ni mistari miwili. Kikombe cha uji alichokunywa kabla ya foleni, nepi iliyolowa, au shati ambalo safari iliyopita alilivua, vyote vinaweza kula mistari hiyo miwili au kuiongeza. Kwa hiyo mtoto wa umri huu ukimpima mara moja umepata picha hafifu sana. Umpime mara tatu, nne, mizani ile ile, akiwa hana nguo, ndipo mstari uanze kusema jambo.

Kwa mtoto mchanga mambo ni tofauti kabisa. Miezi mitatu ya kwanza huongezeka karibu kilo moja kila mwezi, na kusimama kwa uzito wakati huo ni kengele kubwa ambayo hakuna kifaa kingine kitakachoipiga mapema hivyo. Kama mizani yenu ni moja na muda ni mchache, wapeni watoto wa chini ya mwaka nafasi ya kwanza.

Mizani isiyo na daftari ni bembea tu. Mtoto anavishwa suruali, ananing'inizwa, analia, mama anatajiwa namba na kwenda nyumbani. Nukta haikuwekwa kwenye kadi, mstari haukuunganishwa, wala hakuna aliyemuuliza mama kwa nini uzito umesimama tangu Machi. Nimeona hivyo mara nyingi kuliko ningependa. Kama hamna mtu atakayekaa na mama dakika tano baada ya kupima, msinunue mizani.

Ubao

Ubao ndio pekee unaouona udumavu, na ndio mgumu kuliko vyote.

Mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa. Wa miaka miwili na zaidi husimama. Kwa kulala mtoto hutoka mrefu kwa sm 0.7, kwa hiyo ukichanganya mikao lazima urekebishe. Mpimaji wa kwanza anashika kichwa kiguse ubao wa juu, macho yakitazama angani. Wa pili anabonyeza magoti yanyooke na kusogeza kipande cha chini hadi kiguse nyayo zote mbili. Mtoto kwa wakati huo amegeuka nyoka. Viatu vivuliwe, na nywele zilizosukwa kwa fundo juu ya utosi zifumuliwe, jambo ambalo akina dada hawalipendi hata kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja hurefuka kama sm 1 kwa mwezi, na timu iliyochoka inaweza kukosea kwa sm 1 ile ile bila kujijua. Kwa hiyo kupima urefu kila mwezi ni kujisumbua bure.

Tuseme yuko msichana mwenye urefu wa sm 73.5, kilo 8.6, mkono sm 13.0. Mama anasema ana mwaka na nusu. Utepe unasema kijani. Mizani nayo inaridhika: kwa msichana wa miezi 18 mpaka wa -2 ni kilo 8.1, naye yuko juu yake. Ubao unakataa. Mpaka wa -2 kwa urefu wa umri huo ni sm 74.9, hajaufikia. Amedumaa, na vifaa viwili vya mwanzo vilimpita bila kumwona.

Sasa msikilize mpimaji makini anavyoendelea na mama huyo, mkimbizi aliyetoka Kongo:

"Mama, alizaliwa mwezi gani?"

"Eh, dada, mwezi siushiki vizuri. Tulikuwa tumeshafika hapa kambini. Mahindi yalikuwa yanakauka shambani."

"Mahindi ya mwanzo au yale ya pili?"

"Ya pili. Krismasi ilikuwa haijafika."

Kama leo ni mwanzoni mwa Februari, mtoto huyo alizaliwa mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba ya mwaka juzi, na ana miezi 14. Mpaka wa -2 wa msichana wa miezi 14 ni sm 71.0. Naye ana 73.5. Hajadumaa! Miezi minne ya umri imegeuza jibu zima, na ubao wenyewe haukukosea hata milimita moja. Ndiyo maana anayepima udumavu bila kadi za chanjo lazima awe na kalenda ya matukio ya eneo lake: mavuno, Idi, Krismasi, uchaguzi wa Januari 2021, shule kufunguliwa Januari 2022 baada ya Korona. Bila hivyo akina mama watakutajia mwaka mmoja, mwaka na nusu, miaka miwili, na watoto wote wa kijiji watakuwa wamezaliwa siku tatu.

Dokezo kwa anayepokea ripoti za watu wengine: tazama tarakimu ya mwisho ya urefu. Kama karibu zote zinaishia na 0 au 5, kuna mtu alikuwa anakisia.

Halafu linakuja lile swali langu la mwanzo. Ukishamjua mtoto aliyedumaa, utamfanyia nini? Mwenye mkono mwekundu ana pakiti zake, ana siku yake ya kliniki, ana tiba inayojulikana. Aliyedumaa hana pakiti. Ushauri utakaompa mama yake ni ule ule ambao ungempa kila mama kijijini: anyonyeshe maziwa peke yake hadi miezi 6, kisha uji uwekewe karanga na mukene (dagaa) waliosagwa, yai likipatikana apewe mtoto badala ya mgeni, maji yachemshwe, chandarua kitumike, mimba inayofuata isubiri. Kisha kumbuka kuwa hata kundi la watoto wenye afya kamili huwa na wawili au watatu kati ya 100 walio chini ya -2, wafupi wa kuzaliwa tu. Mtoto mmoja mfupi hathibitishi jambo. Watoto 40 wafupi wanathibitisha jambo, na jambo lenyewe linahusu kijiji: chakula, choo, maji, mimba za mapema. Ubao unakipima kijiji kuliko unavyompima mtoto.

Basi nani achukue kipi?

VHT na vikundi vya akina mama: utepe, na vidole gumba. Badala ya mizani moja ya kikundi, nunueni tepe nyingi, kila nyumba yenye mtoto mdogo ipate wake, na fedha itakayobaki iwe ya bodaboda ya kumpeleka mtoto mwekundu kituoni. Udumavu wa Tooro hauponi kwa kuupima kila nyumba. VHT aupige vita kwa mafunzo ya chakula, na asidanganywe na kijani akadhani kazi imekwisha. Hizo siku za afya ya mtoto za Aprili na Oktoba, watoto wanapokuja kupata vitamini A, ndizo nafasi nzuri ya kupitisha utepe kwa wote.

Chekechea ni jambo jingine. Watoto wao wana miaka mitatu hadi mitano, umri ambao utepe hushika wachache, na ni wale wale muhula hadi muhula, na kadi zao ziko ofisini. Hapo ningenunua mizani ya kusimama na kubandika kipimo cha urefu ukutani, na kupima mara moja kila muhula. Mtoto aliyesimama bila viatu, kisigino ukutani, hasumbui kama wa kulazwa.

Shirika dogo linalotaka kuonyesha wafadhili kwamba mradi wa kuku au bustani umesaidia, hilo ndilo linalohitaji ubao, wapimaji waliofundishwa kwa siku kadhaa, na programu ya kompyuta ya WHO Anthro ambayo ni ya bure. Ila lisiahidi kwamba udumavu utashuka kwa miezi sita. Wenye miaka mitatu leo walikwisha kupata hasara yao. Mabadiliko yatafuteni kwa watakaozaliwa mradi ukiwa umeanza.

Kituo cha afya kinatakiwa kuwa na vyote, na hakuna cha kuchagua hapo.

Vifaa vikigombana

Hili litawapata, kwa hiyo jiandaeni. Mmepima, utepe ni sm 11.3. Mama amepanda bodaboda hadi kituo cha afya, wamempima mtoto uzito na urefu, jedwali limesema uzito wake unalingana na kimo chake, naye amerudishwa nyumbani. Mama anawakasirikia nyinyi. Au kinyume chake: mtoto mrefu, mwembamba kama mwanzi, utepe umesema njano, na kumbe kwa uzito na urefu yuko chini ya -3.

Hakuna kifaa kilichokosea. Utepe huwashika zaidi walio wadogo kwa umri na wafupi. Uzito kwa urefu huwashika zaidi warefu. Watoto wanaokamatwa na kimoja mara nyingi si wale wanaokamatwa na kingine, na mwongozo hautaki vikubaliane. Kimoja kikisema mkali, mtoto ni wa kutibiwa. Uvimbe wa miguu yote miwili nao ni hivyo hivyo, peke yake unatosha.

Mnapompeleka mtoto, mpeni mama karatasi: tarehe, umri, mkono sm ngapi, uvimbe upo au haupo, jina la kijiji na simu ya mpimaji. Akirudishwa bila kutibiwa, VHT amsindikize siku inayofuata na kuomba mkono upimwe tena mbele yake. Na aliyeanzishiwa chakula tiba kwa sababu ya mkono aondolewe kwa mkono, akifika sm 12.5 mara mbili mfululizo na hana uvimbe, asiondolewe kwa sababu mizani imeanza kupanda.